Ndege ya foamu, sheria ya droni: Mbona kijana wa Nairobi hana pa kurushia?

Kwenye dari ya chumba chake huku Eastlands, kijana mmoja wa Kidato cha Nne amening'iniza ndege. Mabawa yake yana upana wa mita moja na kitu. Aliikata kwa kisu kutoka kwa bodi za foamu, akaiunganisha kwa gundi moto, kisha akaifunga mota ndogo kwenye pua. Muulize kama inaruka, atakwambia inaruka vizuri tu. Asiyeruhusiwa ni yeye.

Ana miaka 17. Kanuni za mwaka wa 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani zinasema mtu binafsi anayetaka kumiliki chombo kama hicho lazima awe ametimiza miaka 18. Lazima pia kisajiliwe na mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA, na kama unakiagiza kutoka nje, uwe na kibali kabla hakijafika. Kanuni hizo ziliandikwa watu wakiwa na droni za kamera akilini, zile unazoziona zikizunguka juu ya harusi na mikutano ya siasa. Lakini ndege ya rimoti nayo haina rubani ndani. Kwa hivyo imebebwa na mkondo huo huo.

Wacha kwanza nieleze kitu hiki hutengenezwaje, maana wengi wakisikia 'ndege ya rimoti' wanafikiria kile kidude cha plastiki cha supamaketi. Hii ni kazi. Bodi za foamu unazipata kwa wauza vifaa vya kuchorea na kutengenezea mabango, kwa shilingi mia chache. Michoro iko bure mtandaoni. Kinachokula pesa ni vifaa vya umeme: mota, kidhibiti kasi, betri ya lithiamu, rimoti na risiva yake inayopokea mawimbi ya gigahazi 2.4, na zile mota ndogo za gramu tisa zinazosukuma usukani wa mkia na vibawa vya pembeni. Baadhi utavipata Luthuli Avenue ukiwa na subira. Vingine mpaka uagize China, na hapo ndipo maswali ya forodha huanza.

Kisha kuna hesabu. Ndege ikiwa nzito nyuma, haitawaliki. Kwa nyingi za aina hii uzani unafaa kusawazika kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Kijana huyu alihamisha betri yake mara nne kabla ya kuipata. Na Nairobi ina shida yake: tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Bawa linapata hewa kidogo ya kuliinua, propela nayo inapata kidogo ya kusukuma. Ndege inayopaa polepole pale Nyali, hapa lazima iende kasi zaidi, la sivyo inakata pumzi angani na kudondoka kama jiwe. Hakuna mwalimu wa fizikia aliyemfundisha hivyo. Alifundishwa na ndege ya kwanza, iliyoishia kwenye paa la jirani.

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi. Kabla ya betri za lithiamu kushuka bei, wengi katika mchezo huu duniani walitumia injini ndogo za mafuta. Si petroli, ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya mbarika au ya kutengenezwa viwandani. Plagi ya injini ina waya wenye platinamu. Unaupasha moto kwa betri, injini ikishika unaitoa betri, na waya unaendelea kuwaka wenyewe. Inapiga kelele kama msumeno na kupaka ndege yote mafuta. Kuna watu hadi leo hawataki kusikia habari ya umeme, wanasema bila ule moshi hakuna raha.

Lakini jaribu kuingia dukani Kenya uombe methanoli uone utakavyotazamwa. Ndiyo sumu iliyoua makumi ya watu na kupofusha wengine katika pombe haramu mnamo Mei 2014, maeneo ya Embu na kwingineko. Kijana anayebeba chupa yake kwa matatu atahitaji maelezo mengi. Kwa hilo siwezi kuwalaumu polisi. Mimi naona umeme umetuokoa, hata kama wazee wa moshi watanuna.

Turudi kwa sheria. Hata ukishafikisha miaka 18 na kusajili, mipaka bado ipo. Usipite futi 400, yaani mita 120 hivi, juu kidogo tu ya urefu wa jumba la KICC. Ukae mbali na watu, magari na majengo. Na usirushe karibu na viwanja vya ndege: kwa vile vikubwa, umbali ni kilomita 10.

Sasa chukua ramani ya Nairobi na bikari. Piga duara la kilomita 10 kutoka JKIA kule Embakasi. Piga lingine kutoka Wilson. Kisha kumbuka kambi ya wanahewa iko Eastleigh. Eastlands karibu yote imemezwa, Lang'ata imemezwa, katikati ya jiji imemezwa. Mbuga ya Nairobi ina nafasi tele, ila huko nako droni haziingii bila idhini ya wenye mbuga. Unabaki kupanda matatu hadi Kajiado au Kiambu na ndege ya foamu mapajani, ukiomba konda asiiketishie gunia la viazi. Na ukifika Kajiado, angalia tena, kwa sababu kuna viwanja vidogo vya ndege huko pia.

Sisemi hofu ya serikali ni ya bure. Desemba 2018, uwanja wa Gatwick, Uingereza, ulifungwa kwa sababu ya ripoti za droni, safari takriban 1,000 zikavurugika na abiria wapatao 140,000 wakaathirika. Nchi iliyopitia Westgate ina haki ya kuuliza ni nini kinachopaa na ni nani ameshika rimoti. Hata historia ya kanuni hizi inaonyesha jambo hili si rahisi: zile za kwanza za 2017 zilitupwa na Bunge mwaka uliofuata, ndipo tukapata hizi.

Tatizo ni kwamba hazitofautishi vya kutosha. Marekani, anayerusha kwa burudani ndege isiyofika gramu 250 hahitaji kuisajili. Ikifika hapo, anasajili kwa dola tano akiwa na umri wa kuanzia miaka 13, na aliye mdogo zaidi anasajiliwa na mtu wa miaka 13 au zaidi. Kuna mtihani mfupi wa usalama mtandaoni, wa bure. Wana pia chama cha wapenzi wa ndege hizi tangu 1936, na maeneo maalum yaliyotambuliwa ambako klabu hurusha. Anga yao ina ndege nyingi kuliko yetu mara nyingi sana, na bado wamempa nafasi mtoto wa shule.

Hapa kwetu, Januari 2026 darasa la kwanza la Gredi ya 10 limeingia sekondari ya juu, na mmoja wa mikondo ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mwanafunzi wa mkondo huo ana miaka 15 au 16. Anaweza kusoma nguvu inayoinua bawa, kuichora, kuifanyia mtihani. Kuwa na bawa lake mwenyewe, asubiri.

Na majirani hawasubiri. Rwanda imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani tangu Oktoba 2016, zikianzia Muhanga. Ukizitazama vizuri, hizo si droni za propela nne. Ni ndege za mabawa, binamu wa ile iliyoning'inia Eastlands, tofauti ni kwamba zinarushwa kwa manati na kudondosha mzigo kwa parachuti. Malawi ilifungua chuo cha droni Lilongwe mnamo Januari 2020, kwa msaada wa UNICEF. Watakaozitengeneza na kuzikarabati lazima waanzie mahali, na wengi wanaojua kazi hii walianza na kisu na gundi.

Kinachohitajika si kikubwa. KCAA inaweza kuweka kiwango cha uzani ambacho chini yake mtoto akiwa na mtu mzima anaruhusiwa kurusha. Kaunti zinaweza kutenga uwanja mmoja, nje ya yale maduara, unaojulikana na polisi na mamlaka, wazi Jumamosi asubuhi kabla upepo haujaamka. Shule zenye karakana zinaweza kumiliki ndege kwa jina la shule, na mwalimu akabeba dhamana. Haya hayahitaji bajeti ya bilioni. Yanahitaji mtu wa ofisini akubali kwamba ndege ya foamu si ile droni anayoiogopa.

Jirani yangu atafikisha miaka 18 mwezi Agosti. Tayari ameanza kuweka pesa za usajili kwenye mkebe, na ameniuliza kama namjua mtu yeyote mwenye shamba kubwa mbali na uwanja wa ndege. Bado natafuta.