Unyevu na joto tumboni: Wachina wanakusudia nini, nasi tujihadhari na nini?

Sifa zote njema ni zake Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Wiki hii tunaelekea Kondoa. Baadhi ya wasomaji wetu wa huko, ambao huenda Dodoma mjini na Dar es Salaam kutafuta tiba, wametuuliza kuhusu maneno wanayoyasikia katika kliniki za tiba ya Kichina. Mgonjwa mwenye tumbo kujaa, kinywa kichungu na choo kinachonata huambiwa kuwa ana "unyevu na joto" tumboni. Ni ugonjwa gani huo? Je, Muislamu anaweza kuutibu kwa dawa za Wachina? Swali hili linazigusa familia nyingi, hivyo tumeona tulijibu kwa urefu.

Wachina wanakusudia nini

Tiba ya Kichina ina vitabu vyenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Matabibu wake huuona mwili kama nchi yenye hali ya hewa yake: kuna joto na baridi, ukavu na unyevu. Kazi ya kukigeuza chakula kiwe nguvu wameipa tumbo pamoja na wengu. Hata hivyo, "wengu" wao si kile kiungo peke yake anachokijua daktari wa upasuaji, bali ni jina la kazi nzima ya kusaga chakula na kusambaza maji mwilini.

Wanasema mtu akizidisha mafuta, sukari na pombe, au akila bila mpango, wengu hulemewa. Maji yasiyosambazwa hutuama na kuwa unyevu, na unyevu uliotuama kwa muda mrefu huzaa joto, kama majani mabichi yaliyorundikwa yanavyopata moto kwa ndani. Hapo mwili huwa mzito, hamu ya chakula hupotea, kiu huja lakini mtu hatamani kunywa, mkojo hukolea rangi, choo hunata na kunuka, na ulimi hufunikwa na utando mzito wa manjano. Hata macho kugeuka manjano huhesabiwa miongoni mwa dalili za hali hiyo. Tiba yake ni mizizi na magome machungu, pamoja na vyakula vinavyohesabiwa kuwa vya baridi. Choroko, tunazozijua vyema, ni miongoni mwa vyakula hivyo.

Elimu hii si ngeni kwetu

Msomaji wa vitabu vya tiba vya Waislamu atayaona maneno haya kama ndugu wa mbali. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika al-Qanun juu ya mizaji ya mwili: joto, baridi, unyevu na ukavu. Kama matabibu wa Kiyunani waliomtangulia, alieleza kuwa mwili una majimaji manne, nayo ni damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Lugha yetu bado inabeba kumbukumbu hiyo. Neno balghamu tunalo, na neno safura, ambalo leo ni jina la ugonjwa uletwao na minyoo, asili yake ni jina la Kiarabu la ile nyongo ya manjano.

Katika Sunna, Abu Daud amepokea kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akila tikiti pamoja na tende mbivu, ili joto la kimoja livunjwe na ubaridi wa kingine. Naye Tirmidhi amepokea ile hadithi mashuhuri inayotufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Mwenye kuishi hivyo hamhitaji Mchina wala Myunani amwambie kwamba israfu ya chakula huleta maradhi.

Jina la hali si jina la ugonjwa

Hata hivyo, ni lazima tupambanue. "Unyevu na joto" ni maelezo ya hali ya mgonjwa. Hayatuambii nini kimeileta. Tumbo kujaa na kinywa kichungu vyaweza kutokana na vidonda vya tumbo, ambavyo mara nyingi husababishwa na bakteria. Choo kibaya chaweza kuwa amiba. Uzito wa mwili na homa vyaweza kuwa homa ya matumbo. Macho ya manjano yaweza kuwa homa ya ini, mawe katika kifuko cha nyongo, au sumu iliyoingia kwa njia ya chakula. Kila kimoja kina kipimo chake na dawa yake, na mtu anayeangalia ulimi na kushika mshipa wa mkono hawezi kuvitenganisha vyote.

Hatusemi haya kwa kuidharau elimu ya Wachina. Madaktari wao wamekuwa wakija kuhudumu Zanzibar tangu mwaka 1964 na Tanzania Bara tangu 1968. Dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati asili yake ni mmea wa Kichina. Bibi Tu Youyou alivipekua vitabu vya kale vya kwao, akaupima mmea huo maabara, na mwaka 2015 akatunukiwa Nishani ya Nobeli. Funzo lililopo hapo ni kwamba mmea ule ulipimwa kwanza, ndipo ukawa dawa ya ulimwengu. Usiopimwa waweza kudhuru: mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels, Ubelgiji, wanawake wengi waliokunywa vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina waliharibikiwa figo.

Kondoa na mwaka 2016

Wasomaji wetu wa Kondoa wana sababu yao wenyewe ya kutolichukulia jambo hili kwa wepesi. Katikati ya mwaka 2016 ugonjwa usiofahamika ulizikumba familia katika mikoa ya Dodoma na Manyara, zikiwamo za Kondoa, Chemba na Kiteto. Watu walitapika, matumbo yakavimba, macho yakawa manjano. Waliougua walizidi 60, na takriban 20 wakafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Uchunguzi ulionyesha kuwa mahindi yaliyokuwa yakiliwa katika nyumba hizo yalikuwa na sumukuvu kwa kiwango kikubwa mno. Kwa hiyo unyevu na joto vilivyoua watu vilikuwa ghalani. Nafaka iliyohifadhiwa kabla ya kukauka hupata joto, kuvu huota, na kuvu hutoa sumu inayoshambulia ini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuiondoi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya B.

Fikiria, ndugu msomaji: mama ameona macho ya mwanawe yamegeuka manjano, akaambiwa ni unyevu na joto, akarudi nyumbani na mizizi ya kuchemsha. Mtoto anakunywa dawa asubuhi, na mchana anakula ugali wa mahindi yaleyale. Hata kama dawa ile haina dhara, siku zimepotea, na ini halisubiri.

Yatupasayo nyumbani

Mahindi na karanga zianikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya ardhi tupu, mpaka zikauke barabara. Kuna kipimo chepesi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kiasi na punje za mahindi, funga, kisha tikisa kwa dakika chache na uache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Chambua punje zilizooza, zenye kuvu au zilizotobolewa na wadudu, na usiwape kuku wala ng'ombe, kwani sumu hupita hata kwenye maziwa. Magunia yawekwe juu ya vichaga, mbali na ukuta.

Mezani turudi kwenye mafungu yetu matatu. Harusi zetu na futari zetu zimejaa vya kukaanga na chai ya sukari nyingi. Kwa tumbo lililochoka, uji mwepesi, choroko na mboga za majani ni mapumziko mema.

Mwenye macho ya manjano, choo chenye damu au cheusi, homa isiyokoma, kutapika mfululizo au kukonda bila sababu apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ama dawa za Wachina, asili ya dawa ni ruhusa maadamu haina haramu wala madhara. Uliza imetengenezwa na nini. Baadhi huloweshwa katika pombe, na iko ile iitwayo ejiao inayotokana na ngozi ya punda, mnyama ambaye jumhuri ya wanazuoni wameiharamisha nyama yake. Uliza pia kama mtoa tiba amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Na ukienda hospitali, mweleze daktari kila mzizi uliokunywa, bila kuficha.

Tunamuomba Allah (s.w.) awarehemu waliotutangulia, awaponye wagonjwa wetu, na azibariki ghala zetu kwa nafaka safi na ya halali. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.