Radi za Alfajiri na Wajibu wa Wazazi



Aghalabu katika ukurasa huu twazungumza juu ya malezi ya watoto wetu, adabu zao na masomo yao. Safari hii twapenda kuzungumza juu ya mbingu iliyo juu ya mapaa yetu, kwa kuwa mtoto aliyefundishwa kusoma na kuandika, wala hakufundishwa wakati wa kukimbilia ndani, malezi yake bado yana upungufu.

Sisi tulioko Ijumbi, katika Wilaya ya Muleba, twaijua vyema miezi ya mwisho wa kiangazi, ambacho Wahaya hukiita kyanda. Ardhi imekauka, majani ya migomba yamelegea, na moshi wa nyasi zilizochomwa umetanda juu ya vilima. Joto la mchana huzidi, na usiku hewa huwa nzito hata mtu hugeuka geuka kitandani. Kisha siku moja upepo hubadilika, kiza hujikusanya upande wa ziwa, na ngurumo ya kwanza husikika. Wakulima hufurahi, na ni haki yao kufurahi. Lakini mvua hizo za kwanza, ambazo mwenyeji huziita enjura, huja pamoja na enkuba, yaani radi, na radi haibagui shamba na nyumba.

Wako miongoni mwetu watu waliozoea kuichungua mbingu. Wazee hutazama upepo na mawingu na mwenendo wa wadudu. Vijana wa chuo chetu nao wana daftari lao. Wamesimamisha mahali peupe kopo lenye kuta zilizonyoka, na kila siku saa tatu asubuhi hulipima maji yake kwa rula. Milimita moja katika kopo hilo ni sawa na lita moja ya maji iliyoanguka juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi. Pembeni huandika saa ya ngurumo na upande ilikotoka. Kazi hii haina gharama, na faida yake ni kubwa kuliko wanavyodhani wanaoicheka.

Wala si jambo geni kwa Waislamu. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote, na hauwezi kumwonyesha mkulima wakati wa kupanda. Wazee wa pwani walilijua hilo. Pamoja na hesabu ya mwezi waliweka hesabu nyingine ya jua, yenye kuanza Siku ya Mwaka na kugawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, ili wajue majira ya kusi na kaskazi, ya kusafiri na ya kulima. Ibada walizihesabu kwa mwezi, na mashamba na vyombo vyao kwa jua.

Sasa, daftari la vijana wetu latuonyesha nini? Latuonyesha kuwa ngurumo nyingi hutujia ama alasiri, ama usiku wa manane mpaka asubuhi. Na zile za usiku hutoka ziwani. Sababu yake yafahamika. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huingia kujaza nafasi, ndipo mawingu yakajijenga juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa upesi, na Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, hubaki na joto lake. Upepo wa nchi kavu hutoka pande zote kuelekea majini, ukakutana katikati, na hewa yenye unyevu hupanda juu sana na kufanya mawingu makubwa ya radi. Kisha upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo kuja kwetu magharibi. Hii ndiyo sababu Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali Karagwe, iliyo mbali na ziwa, hupata kama nusu yake.

Kwa hiyo asubuhi ya kwetu si saa ya kuiamini kwa kuwa jua linachomoza. Tukumbuke tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria kutoka Dar es Salaam ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, kabla ya saa tatu asubuhi, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 43 walikuwamo, na 19 walikufa. Wavuvi ndio waliotangulia kuwaokoa waliosalia.

Na mashuleni je? Tarehe 17 Oktoba 2018 radi iliwaua wanafunzi sita katika shule moja ya msingi mjini Geita. Kabla ya hapo, tarehe 28 Juni 2011, katika shule ya msingi Runyanya huko Kiryandongo, Uganda, radi moja iliwaua watoto 18 pamoja na mwalimu wao. Baadaye shule hiyo ya Runyanya ilifungiwa mitego ya radi, yaani vyuma vya juu ya paa vyenye waya wa kupeleka umeme chini ardhini. Elimu ya kufanya hivyo dunia inayo tangu zama za Benjamin Franklin, katika karne ya 18. Twauliza: shule zetu ngapi, na vyuo vyetu na misikiti yetu mingapi, ina vyuma hivyo?

Linatuhuzunisha jambo jingine. Radi ikiua, wengine hawaulizi habari ya vyuma wala mti waliokimbilia. Huuliza, “Nani ameituma?” Zamani watu wa nchi hii walimnasibishia Mugasha ziwa na tufani zake, leo hunasibishiwa jirani. Kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni hunyoshewa kidole, na msiba mmoja huzaa msiba wa pili. Yatupasa tukumbuke kuwa siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (rehema na amani zimshukie), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Naye, hali ana huzuni ya mzazi, aliwakataza, akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ikiwa kwa mwanawe mwenyewe hakukubali dhana, sisi tutaikubali vipi juu ya jirani?

Basi wazazi na wawafundishe watoto mambo haya:

1. Umeme ukimulika, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Usipofika 30, radi iko karibu. Ingia ndani mara moja, wala usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

2. Usijikinge chini ya mti, uwe mwembe, mparachichi au mkaratusi. Ondoka uwanja wa mpira, kilimani na majini. Weka chini jembe na baiskeli.

3. Gari la bati lililofungwa madirisha, au jengo kubwa lenye nyaya za umeme na mabomba yaliyofika ardhini, ni salama kuliko banda au kibanda cha nyasi. Ndani, usiegemee ukuta wala nguzo ya chuma, usisimame mlangoni, usiguse bomba wala simu iliyo katika chaji.

4. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguseni bila hofu. Ikiwa hapumui, bonyezeni kifua chake kwa nguvu na kwa haraka, mfululizo, huku mwingine akiita msaada. Wengi huweza kuokolewa katika dakika hizo.

5. Msimu wa senene ukifika, watoto hutoka alfajiri kwenda kuwaokota majanini. Hiyo ndiyo saa tuliyoitaja. Mzazi atazame mbingu kwanza.

Kwa walimu wenzetu tuna neno. Mtoto aliyechelewa chuoni kwa sababu ya ngurumo asipigwe wala asifokewe. Ibn Abbas, siku ya mvua, alimwamuru mwadhini awaambie watu wasali majumbani mwao. Ikiwa Sala ya jamaa, pamoja na utukufu wake, ilipewa nafasi hiyo, somo letu la asubuhi ni nani lisisubiri? Vivyo hivyo mtoto asifukuzwe kurudi kwao hali mbingu inanguruma, eti saa ya kufunga imefika.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri na tahadhari kila siku, nazo husikika redioni. Tuzisikilize, na pamoja na hayo kila nyumba iwe na daftari lake. Katika Qur'ani iko Sura nzima iitwayo Ar-Ra'd, maana yake Radi, na humo umeme umetajwa kuwa ni khofu na ni tamaa kwa pamoja. Mkulima aijua tamaa yake. Yatubaki sisi wazazi kuwafundisha watoto khofu yenye akili, ile imfanyayo mtu aingie ndani, si ile imfanyayo amchukie jirani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe mvua yenye manufaa, isiyo na madhara, na awahifadhi watoto wetu. Amin.