Kuficha Kiswahili hakumkingi mtoto

Wazazi wenzangu, na nyinyi watoto mnaosoma ukurasa huu kwa kulazimishwa,

Mwaka huu wazazi watatu wameniuliza swali moja, kila mmoja kwa wakati wake na kwa sauti ya chini. Je, si afadhali mtoto apumzike kidogo na Kiswahili? Habari za vita zimejaa kwenye simu, na mtoto akiongea na bibi yake dukani watu wanageuka kutazama. Mmoja wao ana binti anayeanza chuo kikuu mwezi wa nane. Amemwambia akifika bwenini azungumze Kiingereza tu, jina alifupishe, na akiulizwa kwao ni wapi ataje jimbo tulilopo, basi. Hofu hiyo naielewa. Dawa yake ndiyo sikubaliani nayo, na nitaeleza kwa nini kwa mambo yaliyotokea hapa hapa Marekani, vyuoni, wakati wa vita.

Japani ilishambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941. Kabla ya hapo, Wajapani wa pwani ya magharibi walikuwa na shule za lugha kama hii yetu. Watoto walitoka shule ya Kiingereza, wakaenda kujifunza Kijapani jioni au Jumamosi, nao walinung'unika kama mnavyonung'unika nyinyi. Baada ya shambulio lile walimu wengi wa shule hizo walikamatwa na shule zikafungwa. Wazazi wengine walichoma barua na vitabu vya Kijapani ndani ya nyumba zao. Kisha tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt alitia saini amri namba 9066, na kwa nguvu ya amri hiyo watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliondolewa makwao na kuwekwa kambini. Theluthi mbili walikuwa raia, wamezaliwa hapa. Hakuna aliyepewa mtihani wa lugha kwanza. Aliyejua Kijapani na asiyejua hata salamu walipandishwa treni moja.

Fikirini mwanafunzi wa chuo siku zile. Huko Seattle, katika Chuo Kikuu cha Washington, alikuwapo kijana Gordon Hirabayashi. Serikali iliweka amri ya kutotoka nje kwa watu wa asili yake, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wenzake wa bweni wanaendelea kusoma maktaba, yeye wanamkumbusha saa ili akimbie kurudi. Siku moja akiwa njiani alijiuliza kwa nini yeye akimbie na wenzake wabaki, wakati wote ni raia. Akageuka, akarudi maktaba. Baadaye alikataa pia kwenda kambini, akafungwa, na mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Marekani ikathibitisha kwamba ana kosa. Hukumu zake zilikuja kufutwa kabisa mwaka 1987, miaka zaidi ya 40 baadaye.

Wa pili nampenda zaidi, nanyi mtaona sababu. Harvey Itano alisoma kemia huko Berkeley, Chuo Kikuu cha California. Mwaka 1942 alikuwa wa kwanza kati ya wahitimu wote, na medali ya chuo ilikuwa yake. Siku ya mahafali hakuwapo. Alikuwa nyuma ya waya pamoja na familia yake, na rais wa chuo alilazimika kuwaeleza waliohudhuria kwamba mshindi hayupo. Mwezi wa saba aliruhusiwa kutoka kambini kwenda kusomea udaktari katika mji wa Saint Louis. Vita vilipokwisha alifanya utafiti California pamoja na Linus Pauling, na mwaka 1949 wao na wenzao wawili walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli, si sawa na ya mtu mzima wa afya. Ukiipitishia umeme, inatembea tofauti.

Wazazi, mnajua maana ya jambo hilo kwetu. Hakuna ukoo katika shule hii usio na mtoto au binamu aliyelia usiku kwa maumivu ya mifupa. Mtoto akizaliwa hospitali hapa Marekani anatobolewa kisigino, tone la damu linakwenda maabara, na moja ya mambo yanayotafutwa ni selimundu. Nimetoboa visigino vingi mimi mwenyewe. Kipimo kinafuata wazo lile lile la kutenganisha aina za himoglobini. Kijana aliyefungiwa kwa sababu ya asili yake amewasaidia watoto wa asili yetu, na sidhani kama mmoja kati yetu mia anajua jina lake.

Sasa turudi kwenye lugha, maana hapo pana kichekesho kichungu. Mwaka 1941 jeshi liliwapima askari wapatao 3,700 wenye asili ya Kijapani, likitafuta wakalimani. Waliozungumza kwa ufasaha walikuwa watatu tu katika kila mia. Watoto wale walikuwa wameshakuwa Wamarekani kabisa midomoni mwao, na haikuwasaidia kitu. Wakati huo huo jeshi la majini lilikuwa na shule ya Kijapani Berkeley, na mwaka 1942 ilibidi ihamishiwe Boulder, Colorado. Kwa nini? Kwa sababu walimu wake walikuwa wa asili ya Kijapani na hawakuruhusiwa tena kukaa pwani. Baadhi ya walimu walioongezwa walitolewa kambini. Lugha iliyofungiwa shule ikawa inafundishwa chuo kikuu siku sita kwa wiki.

Simwambii mtu asome Kiswahili ili aende jeshini, Mungu apishe mbali. Kinachoniuma ni jambo jingine. Wazazi wengi wa wanafunzi wale walijua Kiingereza kidogo, na watoto walijua Kijapani cha kuombea chai. Mama yuko kambini jangwani, mtoto yuko chuoni katika jimbo la mbali. Waandikiane nini? Kazini naliona jambo hilo bila vita vyovyote. Mzee amelazwa, mwanawe amekaa kando ya kitanda, nasi tunapiga simu ya mkalimani ili baba na mtoto waelewane kuhusu upasuaji.

Kilichowasaidia wanafunzi wa 1942 ni watu. Walimu waliandika barua kuwatafutia nafasi. Wakweka na vyama vya makanisa waliungana na wakuu wa vyuo, wakaunda baraza lililowatoa kambini wanafunzi karibu 4,000 na kuwapeleka vyuo vya katikati na mashariki ya nchi. Vyuo vingine viliwakataa, vingine vikawapokea. Kwa hiyo mzazi mwenye binti anayeondoka mwezi wa nane, ushauri wangu ni huu: awe na nakala za hati zake zote, moja iachwe nyumbani. Wiki ya kwanza aende ofisini kwa mwalimu mmoja ajitambulishe, na kwa jina lake lote. Ajuane na wenzake wa bweni kabla ya shida. Kiswahili chake akiache wazi, apige simu nyumbani kwa sauti ya kawaida.

Nanyi vijana, mkifika huko mkamwona mwenzenu ametengwa kwa sababu ya nchi ya wazazi wake, hata kama si watu wetu, kaeni naye mezani.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, darasa la wakubwa litasoma habari za Hirabayashi na Itano kwa Kiswahili. Kila mtoto aje na jina lake kamili, la baba na la babu, na swali moja la kumuuliza bibi au babu. Tutapiga simu pale pale darasani. Wazazi mnakaribishwa kukaa nyuma, bila kuwanong'onezea majibu. Chai ipo, na aliyeahidi maandazi anajijua.