Uso wa Binamu Yangu Si Mambo ya Usoshalaiti

Wasee wangu, leo sichekeshi.

Wiki jana binamu yangu aliniruhusu niposti picha yake. Ana uvimbe shingoni, mkubwa kama embe. Komenti zikamiminika: "Hiyo ni goita." "Si akubali vile Mungu alimuumba." "Upasuaji wa plastiki ni wa masoshalaiti." Aki nyinyi!

Mungu hakumuumba na kovu. Stovu ya mafuta taa ilimlipukia akiwa na miaka sita, hapa kwetu Mwala. Kovu likamvuta mdomo mpaka leo. Huo uvimbe mnaoucheka ndio matibabu yenyewe.

Iko hivi. Daktari anaweka baluni ya silikoni chini ya ngozi nzima iliyo karibu na kovu. Kila wiki hivi, inaongezwa maji ya chumvi kidogo kwa sindano. Ngozi inatanuka na mwili unaotesha mpya, kama tumbo la mama mjamzito. Baada ya wiki nyingi, baluni inatolewa, kovu linakatwa, na ile ngozi inavutwa kufunika pengo. Mbona wasitoe tu ngozi ya paja? Wanaweza, na kuna wagonjwa ambao hawana njia nyingine. Lakini kwa uso mweusi kama wetu, kiraka cha paja kinaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara. Ngozi ya shingo inafanana na ya shavu.

Na si jambo la jana. Mwaka wa 1957, daktari Charles Neumann wa Marekani alitumia baluni ya mpira kupata ngozi ya kutengeneza sikio. Mwaka huohuo Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha Flying Doctors hapa Afrika Mashariki, ambayo leo mnaiita AMREF. Wote watatu walikuwa madaktari wa upasuaji wa plastiki. Hao nao walikuwa wanatafuta masoshalaiti?

Mtasema niliacha kampasi, najua nini kuhusu upasuaji. Najua nauli. Mwala hadi Machakos, Machakos hadi Nairobi, halafu kurudi, kila wiki, kwa sindano ya dakika chache. Baluni ikiingia viini ama ianze kutoboa ngozi, anahitaji mtu wa kumwangalia haraka, na yuko mbali. Operesheni ifanyiwe Nairobi, sawa. Lakini kujaza maji na kukagua ngozi, nesi aliyefunzwa anaweza. Kila kaunti iwe naye. Mnaojua kupigia MCA kelele za barabara, mpigieni na hii.

Juzi kwa matatu watu wazima walimkodolea macho njia nzima. Mtoto mmoja tu ndiye aliuliza, "Anko, hiyo ni nini?"

Akamjibu, "Ni ngozi ya uso wangu, inakua."

Mtoto akasema sawa, akaendelea kula njugu.

Wewe wa komenti, umeshindwa na mtoto. Futa.