Mturudishie Fadhili Wetu

Bendi za hoteli za watalii huku Tsavo zikianza "Malaika", wageni hutabasamu na kupiga makofi. Hata sisi shuleni tunauimba kwa sauti nne, meno thelathini na mawili nje. Nami nauliza: jamani, maneno yake tumeyasikiliza?

Yule ni kijana anayelia! Anampenda msichana, angemwoa hata leo, lakini mfuko mtupu. Kwetu Taita nani hajawahi kusikia wazee wakihesabu mbuzi na ng'ombe wa mahari?

Likizo iliyopita nilimrudia Fadhili William kwenye simu ya mjomba. Nilikuwa shabiki wake tangu darasa la tano, halafu nyimbo za siku hizi zikanipeleka mbali. Basi nilicheza rekodi yake mara tano mfululizo, mpaka mjomba akaomba simu yake. Haina mbwembwe. Magitaa machache tu, na sauti ya kijana mwenyewe, nyembamba kidogo, haikupambwa. Anaimba kama mtu anayekueleza shida yake jioni, nanyi mmeketi nje ya nyumba, hataki majirani wasikie. Miriam Makeba aliuimba vizuri sana, sikatai. Boney M, wale wa disko, nao wakautoa mwaka 1981. Lakini kadiri ulivyopambwa ndivyo umaskini wa yule kijana ulivyofichika.

Na Fadhili si mgeni kwetu. Alizaliwa Taita Taveta mwaka 1938, na jina lake la mwisho ni Mdawida! Aliurekodi wimbo huo pamoja na Jambo Boys karibu mwaka 1960, akaurudia 1963 na Black Shadows. (Nani hasa aliutunga, hiyo ni kesi nyingine. Adam Salim wa Tanzania alidai ni wake. Mimi sishiki upande. Nasema juu ya uimbaji.) Alifariki Februari 2001. Je, ni wangapi hapa Voi wanaolijua jina lake? Rafiki yangu, tena mzaliwa wa Wundanyi, aliapa kwamba wimbo ni wa Makeba!

Walimu wetu wapendwa, nina ombi. Siku ya Wazazi mwaka huu kwaya ipumzike kidogo. Asimame mwanafunzi mmoja tu na gitaa, hata kipaza sauti asipewe, na asitabasamu. Gitaa letu lina nyuzi tano, najua, lakini zatosha.