Shosho Anajua Shamba Lilienda Wapi. Wewe Hujamuuliza

Mmeniletea tena zile video za Wamarekani wanatema mate kwa chupa, wanatuma maabara, halafu wanalia mbele ya kamera wakiambiwa wana asilimia fulani ya damu ya watu fulani. Na mnaniuliza eti hiyo kipimo hapa Kenya ni pesa ngapi.

Mimi nawauliza hivi. Baba ya babu yako aliitwa nani? Alizikwa wapi? Na hapo alipozikwa, saa hii pana jina la nani kwenye hati?

Kimya. Siwacheki, hata mimi nilikuwa kimya hadi mwaka jana, nilipoacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo na nikarudi kukaa kwa shosho, Mbeere, upande wa Siakago. Nilidhani naenda kujificha aibu. Nikapata kitu ambacho hakuna lekchara alikuwa amenifundisha.

Lakini kwanza hao Wamarekani, kwa sababu kuna kundi moja kati yao ambalo mate hayawasaidii kabisa. Watu wa Choctaw walihamishwa kwa nguvu kutoka Mississippi baada ya mkataba wa 1830, wakapelekwa eneo ambalo leo ni Oklahoma. Huko wakawa wanamiliki ardhi pamoja, kama taifa. Mwisho wa karne ya 19 serikali ya Marekani ikasema mambo ya kumiliki pamoja yaishe, kila mtu aandikwe jina na apewe kipande chake. Daftari likafungwa 1907. Mwaka uliofuata, sheria nyingine ikaondoa ulinzi kwenye vipande vya wale waliohesabiwa kuwa na damu chini ya nusu, na wanunuzi wakaingia. Leo mjukuu akitaka kutambuliwa kama raia wa Choctaw, lazima aonyeshe amezaliwa na nani, na huyo amezaliwa na nani, mpaka afike kwa jina lililo ndani ya lile daftari.

Isome tena polepole, halafu uniambie kama hujawahi kuisikia Embu.

1954, nchi ikiwa kwenye hali ya hatari, afisa wa kilimo Roger Swynnerton alitoa mpango wake. Ardhi ya Waafrika ipimwe, vipande viunganishwe, mtu mmoja mmoja apewe hati. Mpango wenyewe ulisema bila kuficha kwamba mwenye bidii au pesa ataongeza shamba na maskini atapunguza, kwamba kutakuwa na tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio nayo, na kwamba hiyo ni hatua ya kawaida nchi ikiendelea. Haikuwa njama ya siri. Iliandikwa ikachapishwa. Na kipindi hicho wanaume wengi wa Mlima Kenya walikuwa kizuizini, na tangu 1953 kulikuwa na sheria ya kuwanyang'anya ardhi viongozi wa Mau Mau. Upimaji ukaanza wenye shamba wakiwa nyuma ya senyenge.

Sasa, hapo ndipo nyinyi husimama. "Mzungu alituibia." Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya hadithi, na nusu iliyobaki ndiyo inaumiza, kwa sababu inakaa nasi mezani Krismasi.

Mbeere, upimaji ulishika kasi wakati bendera ilikuwa yetu tayari. Sheria ni ya 1968, ya Bunge letu. Eneo linatangazwa, kamati ya wakazi wasiopungua kumi inaundwa, mipaka inawekwa, daftari linafunguliwa. Ukiwa na pingamizi una siku 60. Ukikosa kuridhika, unakata rufaa kwa Waziri, na akisema, amesema.

Siku 60! Babu yangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa, Thika. Hakukuwa na simu ya kumwambia. Kakake alikuwa nyumbani, anajua kusoma na kuandika, na anaheshimika na kamati. Shamba la nyumba nzima likaandikwa kwa jina la huyo kakake. Shosho anasema hakukuwa na ugomvi siku hiyo. Walimwambia babu, "Tutagawana baadaye." Babu akafurahi, akarudi Thika.

Hiyo baadaye haikuja. Watoto wa kakake waliuza upande wa mtoni, kisha upande wa barabara. Tulichobaki nacho ni pale shosho analima ndengu na mistari michache ya muguka, na hata hapo tunakaa kwa hisani.

Kuna kitu kingine nilikuwa sijui, na nikiwaza bado nashangaa. Kabla hati zitoke, kesi zilikuwa kati ya muviriga na muviriga, yaani ukoo dhidi ya ukoo (kwa mama yangu Imenti wanasema mwiriga). Na ushahidi ulikuwa nini? Uzao. Nani alifika hapa kwanza, nani ni mtoto wa nani, nani alikaribishwa tu akapewa mahali pa kulima. Mwanaanthropolojia Mmarekani, Jack Glazier, alikuwa Mbeere akitazama hayo, na kitabu chake cha 1985 kinaonyesha jinsi historia ya ukoo ilivyogeuzwa silaha ya kupigania ardhi. Kwa hivyo wazee wetu walijua kabisa kwamba mti wa familia ni mali. Waliuhifadhi kichwani, wakautumia, wakashinda au wakashindwa. Sisi tunautafuta kwenye chupa ya mate.

Halafu ikaja kufuli. Sheria ya ardhi iliyosajiliwa, ile ya 1963, ilisema mahakama inaweza kurekebisha usajili uliopatikana kwa ulaghai, isipokuwa usajili wa kwanza. Wa kwanza! Yaani ule ule uliofanyika babu akiwa Thika. Aliyewahi kuandikwa ameandikwa. Hiyo sheria iliondolewa 2012. Hesabu wangapi walikufa katikati.

Najua mtasema, basi ndio hivyo, imeisha, tusonge. Hapana. Na hapa nataka usikilize hata kama huwa unaruka maneno yangu ukingoja video.

Oktoba 2018, Mahakama ya Juu iliamua kesi iliyotoka Meru, ya shamba la ukoo lililoandikwa kwa jina la mtu mmoja. Mahakama zilikuwa zimevutana miaka mingi: je, mwenye hati anaweza kuwa anashikilia tu kwa niaba ya wenzake, kimila, hata kama hati haisemi hivyo? Majaji wakasema ndiyo. Wakasema pia si lazima uwe unaishi hapo shambani. Lakini lazima uonyeshe mambo: kwamba kabla ya kusajiliwa lilikuwa shamba la familia au ukoo, kwamba wewe ni wa ukoo huo, kwamba uhusiano wako si wa mbali mno, kwamba ungeandikwa kama kitu fulani hakingeingilia kati, na kwamba unayemshtaki ni wa ukoo huo huo.

Sasa niambie, hayo utayathibitisha na nini? Na shosho. Na majina, makaburi, miti ya mipaka, jirani mzee aliyekuwepo. Shamba likishauzwa kwa mtu wa nje mambo yanakuwa magumu zaidi, hiyo siwadanganyi, na mimi si wakili. Ninachosema ni kwamba ushahidi wako una miaka 84, una presha, na umeupigia simu mara ya mwisho Pasaka.

Nilipoanza kuuliza, anko mmoja aliniambia, mbele ya watu, "Wewe ni msichana, utaolewa. Hii stori inakuhusu nini?" Kaka yangu alikuwa ameketi hapo hapo anacheza gemu kwa simu, na hakuna aliyemwambia kitu. Anko, nakujibu hapa kwa sababu pale nilinyamaza kwa heshima. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila zinazohusu ardhi. Na Mahakama ya Juu iliposema "wa ukoo", haikusema "mwanaume wa ukoo". Shikamoo.

Wengine mnaniambia nisifukue makaburi, nitaleta damu. Nakubali ardhi huleta damu, tunasoma kila wiki. Lakini angalia Tigania na Igembe, kuna mahali upimaji ulianza miaka ya 1960 na kesi zikarithiwa na watoto na wajukuu. Kule hakuna aliyefukua chochote. Walinyamaziana tu, kila mtu na toleo lake la hadithi, mpaka waliojua ukweli wakaisha. Ukimya ndio umewafikisha kortini.

Nilienda ofisi moja ya ardhi, sitaitaja. Karani akaniangalia suruali yangu iliyoraruka kwa goti akaniambia nirudi na mtu mzima. Nilirudi na karatasi yenye namba ya kipande na pesa ya upekuzi. Ukienda, usiombe tu jina la mwenyewe wa sasa. Omba kuona kadi ya kijani, ile inaonyesha shamba limepita mikononi mwa nani na lini. Yetu ilikuwa na mistari mingi kuliko nilivyotaka kuona. Na nyinyi wa Nairobi mnaosimama nje ya Archives, Moi Avenue, mkingoja deti: ingieni ndani siku moja. Kuna faili za wilaya za zamani, Embu na Meru zikiwemo.

Jumamosi nilikaa na shosho kibarazani, anachambua ndengu, mimi narekodi. Akataja majina kurudi nyuma, moja baada ya lingine, na kila jina na mahali pake: huyu ng'ambo ya mto, huyu chini ya mugumo ulioanguka. Dakika 41. Alipomaliza akaniuliza hiyo simu inaweza kubeba maneno mangapi. Nikamwambia mengi sana, shosho. Akasema basi niirudishe mwanzo, kwa sababu ametaja wanaume peke yao na kuna dada watatu ameruka.