Ukakasi si kosa la chai

Kaka yangu mkubwa amerudi kutoka India, alikosomea, na pakiti ndogo ya majani ya chai ya Darjeeling, mavuno ya pili, yale ya Mei na Juni. Majani hayakusagwa kama ya sokoni kwetu. Ni marefu, yamejikunja, mengine yana ncha nyeupe. Nilileta kidogo chuoni, tukayaacha katika maji ya moto dakika tatu, bila maziwa wala sukari. Wenzangu wawili wakanywa, wakanyamaza, kisha wakaanza kusifu kwa Kifaransa. Nilipowaomba waseme kwa Kiswahili, mmoja alicheka: «Kiswahili hakina maneno ya vitu kama hivi.»

Napinga, na ushahidi wangu ni kikombe kile kile.

Jambo moja ambalo waonjaji wa chai hupima ni namna ulimi na ufizi unavyokauka na kukwaruza baada ya kumeza. Kifaransa huita hali hiyo «astringence», neno ambalo wengi wetu tulilikuta vitabuni. Kiswahili huiita ukakasi, na mtoto yeyote aliyewahi kuuma ndizi mbichi anaujua. Ukakasi si uchungu, si ukali, si uchachu. Lugha yetu imezitenga hali zote nne.

Wengine huona «thé» ni neno la kistaarabu na «chai» ni la jikoni. Wanaisimu wenzangu, tusidanganyane: yote mawili yametoka China. «Cha» lilisafiri likapita Uajemi likawa chai. «Te» la watu wa Fujian lilibebwa na Waholanzi hadi Ulaya. Hakuna lililo bora kuliko jingine.

Huko Darjeeling kwenyewe, chai hulimwa kwenye miteremko ya Himalaya, mengine karibu mita 2000 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi hufanya jani likue polepole na kukusanya harufu. Wachumaji wengi ni wanawake wanaosema Kinepali, lugha iliyoingizwa katika orodha ya lugha za katiba ya India mwaka 1992 tu. Wao huiita chai «chiya». Lakini pakiti yetu imeandikwa FTGFOP, herufi za Kiingereza zinazoeleza jani na vichipukizi vyake, si ladha. Lugha yenye heshima imekaa juu ya karatasi, na kuhusu kinywa haisemi kitu.

Jioni nilimpelekea kikombe nyanya yangu, ambaye ujana wake wote alichuma chai Kivu ya Kusini na hakusoma zaidi ya miaka mitatu. Alionja taratibu. «Iko na ukakasi kidogo, lakini hauzuii kumeza. Nyuma yake kuna harufu ya marakuja.» Waonjaji wa Ulaya husema mavuno haya yananukia zabibu za muscat. Nyanya hajawahi kuziona. Mimi pia, na wale waliosifu kwa Kifaransa pia.

Basi tatizo halimo katika Kiswahili. Sisi ndio tulioacha kuwauliza wanaokijua, kisha tukaandika katika kazi zetu za mwisho wa mwaka kwamba msamiati haupo.

Pakiti imebaki na vijiko vichache. Anayetaka kuonja aje na neno la nyumbani kwao. Sukari aiache.